Marehemu aliniachia mchoro wa bwawa, mkwe wangu hataki hata kulisikia

Shangazi,

Nakuita Shangazi kwa sababu ndilo jina la safu, ingawa nina miaka 63 na huenda wewe ndiye ungepaswa kuniamkia. Naomba jina langu lisitajwe. Ninaishi Goba, Dar es Salaam, kwenye nyumba niliyojenga na marehemu mume wangu kwa miaka kumi na moja, leo tofali, mwakani bati, kama wanavyojenga wengi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sasa nimestaafu. Ninaishi na mwanangu wa mwisho, mkewe, na mtoto wao wa kiume mwenye mwaka mmoja na miezi minne.

Mimi ni Mpare wa milimani, juu ya Same. Kwetu kulikuwa na ndiva, lile bwawa la kukusanya maji ya kumwagilia. Jioni linafungwa, usiku linajaa, alfajiri mwenye zamu analizibua, na maji yanashuka kwenye mfereji uliopita nyuma ya jiko letu. Nilikua nikiamshwa na sauti hiyo. Hadi leo nikisikia maji yanatembea, mwili wangu unatulia wenyewe bila kuamriwa.

Mume wangu alilijua hilo. Yeye alikuwa mtu wa Kilwa, na utani wetu haukuisha. Alikuwa akisema, "Nyie Wapare mlipigana kesi kwa ajili ya ndiva, sisi masultani wetu walikuwa na birika la kuogea linatazama bahari." Alipostaafu alichukua daftari la hesabu la mtoto wa jirani, akachana karatasi, akachora bwawa la yai, mita 3 kwa 2, chini ya mwembe wetu. Akachora na viti viwili pembeni. Akaenda mjini akanunua pampu. Miezi minne baadaye akaugua, na hakuamka tena. Huu ni mwaka wa pili.

Tangu hapo usingizi wangu umekuwa wa vipande. Saa nane za usiku niko macho, nasikiliza friji na mbwa wa mtaa. Mwanzoni mwa mwaka huu nilisema basi, nitalijenga lile bwawa. Pampu ipo, iko chini ya kitanda ndani ya boksi lake, na risiti yake. Nilimtafuta fundi, nikampa laki mbili na nusu za kuanzia, akachimba shimo. Kisha akaniambia anakwenda msibani kwao, atarudi wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa masika yote.

Shimo likajaa maji ya mvua. Sikujali sana, nilijua fundi akirudi atayatoa. Siku moja niko mezani nakunywa chai, mkwe wangu akaingia kutoka nje ameshika kikombe cheupe, kimojawapo cha vile vya wageni. Akakiweka mbele yangu. Ndani kulikuwa na viluwiluwi vya mbu, vinapinda na kunyooka, vinapanda na kushuka, kama alama za mkato zilizopata uhai. Hakusema neno. Akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Shangazi, mimi nimefundisha watoto wa watu miaka 35. Sijawahi kuwekewa uchafu mezani.

Jioni niliongea, na sitasema nilichosema. Naye akajibu. Akasema aliugua dengue mwaka 2019 akiwa chuoni na alidhani mifupa inavunjika, na kwamba mtoto wake hatacheza kando ya shimo la maji. Akamaliza: "Mama, likijengwa hilo bwawa, sisi tutatafuta pa kupanga." Mwanangu alikuwa amekaa hapo hapo anatazama simu yake. Hadi leo hajasema yuko upande gani.

Majirani nao wana yao. Mmoja anasema maji ya kusimama uani yanaita majini. Mwingine, ambaye ni rafiki yangu, alicheka tu: "Mwalimu, bomba lenyewe linatoka Jumatatu na Alhamisi, wewe unataka maji ya kutazama kama hotelini?" Neno hilo lilinichoma, kwa sababu ni kweli. Mwaka 2022, Ruvu ilipopungua tukaingia kwenye mgao, nilinunua maji ya boza kwa pesa iliyoniuma. Na Mpare akikwambia pesa imemuuma, muamini.

Fundi sasa amerudi. Anasema mkwe wangu ana woga wa bure, kwa sababu maji yakizungushwa na pampu mbu hawatagi, na bwawa la sentimeta 60 haliwezi kuzamisha mtu. Anataka laki tano nyingine aanze zege Jumatatu.

Nyumba ni yangu. Hati ina jina langu. Lakini usiku ninawaza: nikijenga, mjukuu ataondoka, nisipojenga, nitakuwa nimemzika mume wangu mara ya pili. Nifanyeje? Na kama kuna namna ya kulijenga ambayo haitanigharimu kimoja kati ya hivyo viwili, nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu, maana fundi ananieleza kama anayejua kila kitu.

Bibi wa Goba

*

Shikamoo mama.

Umekisia vizuri, mimi ni mdogo kwako, na kwa mwalimu naandika nikiwa nimekaa wima. Pole kwa mzee. Pole pia kwa kile kikombe.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani ni swali la bwawa. Mara ya pili nikaona ni la mkwe na mama mkwe, na hayo safu hii inayapata kila wiki. Mara ya tatu ndipo nilipogundua kitu, nacho naomba nikuulize kwa heshima: kuna mahali popote umeniandikia kwamba unataka kuyatazama maji? Mimi sikupaona. Umeniambia juu ya sauti iliyokuamsha utotoni, juu ya mwili unaotulia ukisikia maji yanatembea, juu ya saa nane za usiku na friji. Aliyechora uso wa maji wa mita 3 kwa 2 ni mzee. Huenda nyote wawili mlitaka kitu kilekile. Huenda pia yeye alitaka birika la Kilwa na wewe ukataka mfereji wa Upare, mkacheka, mkaviita kwa jina moja.

Kwa njia, katika utani wake alikuwa na hoja. Pale Husuni Kubwa, lile gofu la jumba la masultani huko Kilwa Kisiwani, birika la pembe nane lipo hadi leo, ni la karne ya 14, na kweli linatazama bahari. Kwa hiyo rafiki yako akisema maji ya kutazama ni mambo ya hoteli, mwambie watu wa pwani walikuwa nayo kabla ya hoteli kuwapo. Ila masultani walikuwa na watu wa kuyachota.

Nirudi kwenye kikombe. Wewe umekisoma kama dharau, na mimi sikuwepo. Lakini jaribu kujiweka kwenye viatu vya binti ambaye ameona kitu kinachomtisha, na mwenye kitu hicho ni mama mkwe, mwalimu, mwenye nyumba. Angekwambia nini? "Mama, shimo lako lina mbu"? Wengi wangekaa kimya wakanung'unika kwa shoga zao. Yeye alikuletea ushahidi. Alikosea chombo, alikosea saa, na huenda alikosea makusudi, hilo siwezi kulijua nikiwa mbali. Ila mwoga na mwenye dharau wanaweza kufanya kitendo kilekile, na dawa zao ni tofauti. Umewahi kumuuliza ile dengue ilikuwaje? Si kwa kumhoji, kwa kumsikiliza tu. Nimeuguza mtu dengue mwaka huohuo wa 2019. Hata shuka likimgusa analalamika.

Kwenye mbu, kwa bahati mbaya fundi wako amesema nusu ya ukweli. Mbu wa dengue, yule mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana, na anapenda maji yaliyotulia, mara nyingi masafi, karibu na watu. Hutaga mayai yake kwenye kuta za chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu miezi mingi yakisubiri maji yapande. Kwa joto la Dar, kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi siku kumi. Pampu inasaidia kweli kwa sababu inatikisa uso wa maji, na viluwiluwi huja juu kupumua. Lakini bwawa la umbo la yai lina pembeni ambako maji hayatikisiki, kwenye majani na chini ya ukingo. Umeme ukikatika usiku kucha, lote limetulia. Ukisafiri kwenda Same wiki mbili mwanao akasahau kuiwasha, ndiyo kabisa.

Hata hivyo mkwe naye aelezwe upande wa pili, kwa upole. Mbu huyo hahitaji bwawa. Anaishi kwenye pipa la maji ya akiba lisilo na mfuniko, kwenye visahani vya maua, kwenye kifuu cha nazi nyuma ya jiko, kwenye mfereji wa bati ulioziba majani. Nyumba ambayo bomba lake linatoka mara mbili kwa wiki lazima ina vyombo vya akiba. Mkilifukia shimo na kuyaacha mapipa wazi, mtakuwa mmegombana bure.

Kuna jambo moja ambalo kwalo sitakuwa mpole, nalo ni ile kauli ya sentimeta 60. Mtoto wa umri wa mjukuu wako ana kichwa kizito ukilinganisha na mwili wake. Akiinama na kutumbukia kifudifudi hana nguvu za kujiinua, na sentimeta 5 za maji zinatosha. Wala hapigi kelele. Watu husubiri kusikia chubwi na kilio. Mara nyingi hakuna. Ni dakika chache tu, mtu ameingia kuzima jiko. Hapo mkwe wako hana woga wa bure, na nadhani wewe mwenyewe unajua, kwa sababu hukuandika kwamba fundi amekutuliza. Uliandika kwamba fundi amesema. Hiyo hesabu ya sentimeta 5 inahusu pia ndoo ya bafuni na beseni la kufulia, na shimo lililo wazi leo hii chini ya mwembe.

Sasa nikueleze kama ulivyoomba.

Ukichagua kulijenga lilivyochorwa, mita 3 kwa 2 na kina cha sentimeta 60, utahitaji zaidi ya lita 2,000 kulijaza mara ya kwanza. Baada ya hapo, siku ya jua na upepo maji hupungua kama milimita 5, ambayo kwa ukubwa huo ni ndoo moja kubwa na kidogo. Kwa mwezi haifiki uniti moja ya maji. Kwa hiyo bili si tatizo kama unavyodhani. Tatizo ni ile siku bomba halitoki na jirani anapita na ndoo kichwani wakati wewe unaongeza maji bwawani. Hilo halimo kwenye bili, na wewe ndiye unayejua kama utaliweza. Wengine huelekeza maji ya mvua ya bati kwenye tangi la pembeni kwa ajili ya bustani tu, na masika mliyopata mwaka huu yangelijaza bwawa hilo mara kadhaa.

Umeme: angalia kwenye boksi la pampu imeandikwa wati ngapi. Kama ni 40, kwa mfano, ikiwaka saa 24 inakula karibu uniti moja kwa siku, kama 30 kwa mwezi. Ikiwaka jioni kwa muda wa saa nne tu, ni uniti 5 hivi kwa mwezi mzima. Kama mpo kwenye kundi la LUKU la wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi, hizo 30 zinaweza kuwatoa huko, na hapo ndipo Mpare atakapoumwa. Na waya ule usizikwe na fundi wa zege. Mwite fundi umeme, aweke ethi ya uhakika na breka ile inayokata yenyewe umeme unapovuja. Maji, umeme na mtoto uani, hapo hakuna cha kubana matumizi. Kuna pampu ndogo za sola za volti 12 ambazo hazitishi hivyo, ila jua likizama nazo zinazama, na wewe unayataka maji saa nane za usiku.

Kama ni zege, jua kwamba saruji mpya hutoa chokaa kwenye maji, na samaki hufa wakikutazama. Bwawa hujazwa, likakaa, likamwagwa, likajazwa tena, mara kadhaa kwa wiki kadhaa, ndipo samaki waingie. Wengine hutandika karatasi nzito jeusi la mabwawa badala ya zege. Ni nafuu na halipasuki udongo ukicheza, ila mizizi ya mwembe hailiheshimu. Na mwembe wenyewe, mama! Mzee alichora kivuli kizuri, lakini mwembe unadondosha majani mwaka mzima, na maembe yanayooza majini ni kazi ya mtu kila asubuhi. Mtu huyo ni nani? Barua yako haijamtaja.

Samaki wanasaidia kweli kwenye viluwiluwi. Perege wadogo wanakula, lakini wanazaana kama wamelipwa na wanachimbua mimea. Gapi, wale wadogo wa rangi wanaouzwa na wenye matangi ya samaki wa mapambo, wanatosha kwa bwawa la nyumbani. Wasije wakamwagwa mtoni tu mkichoka nao. Yungiyungi ni zuri na linaweka kivuli juu ya maji. Gugu maji usiliguse hata ukipewa bure. Waulize watu wa Ziwa Victoria. Kuna pia viuadudu vya kibaolojia vinavyotengenezwa Kibaha kwa ajili ya viluwiluwi. Afisa afya wa kata anaweza kukueleza namna ya kuvipata. Vyura watakuja bila mwaliko, na wewe wa milimani utafurahi, ila nyoka naye huwafuata vyura.

Na mtoto? Uzio wa mita 1.2 kuzunguka pande zote, wenye geti linalojifunga lenyewe. Au wavu wa nondo uliolazwa juu ya bwawa lote, imara kiasi cha kubeba mtu mzima. Vyote viwili vinafanya kazi vikitunzwa. Vyote viwili pia vinabadilisha mchoro: viti viwili vya mzee vitakuwa vinatazama kitu kinachofanana na banda la kuku. Na uzio haumzuii mtoto siku geti limeegeshwa na jiwe ili mtu apitishe toroli.

Njia ya pili inaanzia kwenye lile swali langu la sauti. Kuna chemchemi isiyo na bwawa. Sehemu ya shimo lako inafukiwa, katikati linazikwa pipa la lita 200 au tangi dogo, pampu inawekwa ndani yake. Juu ya pipa inakaa nondo iliyosukwa, juu ya nondo wavu wa matundu madogo sana, juu ya wavu mawe ya mtoni na kokoto. Bomba linapanda kutoka kwenye pampu, linapita ndani ya mtungi uliotobolewa chini au jiwe lililotobolewa, maji yanafurika mdomoni, yanateleza ubavuni, yanapotelea kati ya mawe na kurudi chini. Hakuna uso wa maji wa mtu kutumbukia. Kinachosikika kinategemea maji yanaanguka kutoka juu kiasi gani na yanaangukia nini: kwenye kokoto sauti ni nyembamba, ndani ya pipa lenye nafasi ni nzito. Ukikaa na fundi mvumilivu mkahamisha mawe matatu manne, unaweza kuutafuta mfereji wako hadi uupate. Hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo ningependa kuiona.

Ina kasoro zake. Pipa ni dogo, maji yanaruka na kukauka, na pampu ikizunguka bila maji inaungua, kwa hiyo kuna mtu wa kuchungulia kila siku mbili. Ikizimwa wiki nzima, mbu watapita kati ya mawe kwenda pipani kama wanavyopita kwenye chandarua kilichotoboka. Wavu uwe wa matundu madogo kweli, au pipa limwagwe. Mtungi usiposhikwa kwa zege, mtoto anayejifunza kusimama ataushika ili ajiinue, nao utamwangukia. Kisha kuna kasoro ambayo fundi hawezi kuirekebisha: si bwawa alilochora mume wako. Sijui hilo lina uzito gani kwako. Wewe ndiye unayelala na boksi lile chini ya kitanda.

Unaweza pia kusubiri. Mjukuu hatakuwa na mwaka mmoja na nusu milele. Watu wengine hufukia, wanapanda maua juu, na kurudi kwenye mchoro mtoto akiwa na miaka sita, saba, amefundishwa kuogelea. Uzuri wake ni kwamba hakuna anayeshindwa leo. Ubaya wake ni kwamba watoto wa majirani nao wanazaliwa, mjukuu wa pili naye anaweza kuja, na usingizi wako unahitajika mwaka huu, si mwaka 2030. Usingizi wa vipande wa miaka miwili baada ya msiba, mama, ningependa daktari auone pia. Maji yatakutuliza, sina shaka. Sina uhakika kama yatabeba mzigo wote huo peke yake.

Kuhusu majini, sitajifanya najua. Nakisia tu kwamba jirani huyo naye ana pipa la maji.

Sasa lile neno lililonishika koo: kumzika mara ya pili. Karatasi ile ya daftari la hesabu ilichorwa wakati gani? Kwa hesabu yangu, mjukuu alikuwa hajazaliwa, na pengine hata mimba haikuwepo. Mzee alichora ua wenye watu wazima wawili na viti viwili. Hakuwahi kupata nafasi ya kuchora ua wenye mtoto anayetambaa. Wewe ulimjua miaka mingi; angekaa mezani na kikombe kile, angefanya nini na penseli yake? Swali hili silijui jibu lake. Wapo wanaume wangesema zege limwagwe. Wewe unamjua wako.

Upo pia uwezekano kwamba bwawa ni la kwako kabisa, kwamba baada ya miaka 35 ya kengele na madaftari ya watu unataka kitu kimoja ambacho hukuomba ruhusa kwa mtu. Kama ndivyo, si dhambi, na liseme hivyo. Mkwe anaweza kujadiliana na mama anayetaka kitu kuliko na marehemu asiyejibu. Hati ina jina lako, ndiyo. Lakini hati inakupa ua tu. Mtoto anayecheza uani hayumo kwenye hati, na wewe hukuniandikia kwa sababu ya ua.

Na mwanao aweke simu chini. Amekaa katikati ya wanawake wawili wanaoogopa kumpoteza mtu, naye anatazama picha za mpira. Simlaumu sana, wanaume wengi hapo huwa wanasubiri mvua ipite. Lakini muulize yeye kwanza, peke yake, kabla ya kikao cha watu watatu: unakumbuka baba alisema nini kuhusu bwawa? Huenda ana kitu ambacho wewe hukukisikia.

Fundi asianze Jumatatu, si kwa sababu nimeamua lolote, bali kwa sababu mtu asiyejua kwamba sentimeta 60 zinazamisha asiguse zege lako kabla hajakaa mezani na mama wa mtoto akasikiliza. Ile laki mbili na nusu ameshachimba, amekula haki yake. Shimo lenyewe likaushwe leo, si kesho, na lifunikwe kwa mbao nzito au lijazwe mchanga, mnaoweza kuutoa baadaye mkiamua.

Kisha lile boksi. Pampu iliyokaa miaka miwili na zaidi bila maji inaweza kuwa imekauka mpira au imeganda. Kabla hujatumia hata shilingi nyingine, itoe chini ya kitanda. Jaza ndoo, iweke barazani jioni, mtoto awe mgongoni kwa mama yake. Itumbukize pampu kwanza, ndipo uchomeke waya, na mkono usiingie majini ikiwa imewashwa. Mwambie mkwe wako unajaribu tu kama inafanya kazi, naye asaidie kushika kibomba, maji yapande yarudi ndoo­ni. Kaeni dakika kumi. Usimfundishe kitu, usimwonyeshe mchoro. Sikilizeni.

Mkimaliza, ndoo uimwage.